Masale Kando ya Mpiji

Mpiji si mto mkubwa. Mtu akitoka Dar es Salaam kwa basi la Bagamoyo anaweza kuuvuka huku amesinzia na asijue kama amevuka mto, hasa wakati wa kiangazi, maana chini ya daraja kuna mchanga tu na vidimbwi ambamo wanawake wanafulia. Masika ni habari nyingine. Basi husimama upande wa huku, abiria hushuka na kujibanza barazani kwa Khoja mwenye duka wakingoja maji yapungue, na hapo kila mtu anakubali kwamba huu nao ni mto.

Sie tunakaa Bunju, si mbali na barabara. Baba yangu ni dresa wa zahanati. Ndiye anayefunga vidonda, anayepiga sindano, na anayeamua nani apelekwe hospitali mjini. Kwetu hasa ni Uchagani, mlimani, lakini mie nimekulia huku na huku, kila baba alipohamishiwa, na hapa Bunju ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pengine. Nasoma darasa la tisa katika shule ya bweni ya wasichana. Nyumbani naja likizo tu.

Mwalimu wetu wa jiografia alitutaka, tukienda likizo ya Desemba, kila mmoja auchunguze mto wa kwao: unaanzia wapi, unapita wapi, unaingia wapi. Wenzangu wa bara walikuwa na mito yenye maporomoko na madaraja ya reli. Mie nilikuwa na Mpiji. Zamu yangu ilipofika sauti ilinikauka, mwalimu akaichukua karatasi akanisomea yeye. Niliyoyaandika mle ni haya ya mto nitakayoyasema kwanza. Ya shamba yanayofuata sikuyaandika, kwa sababu mwalimu hakuuliza.

Mpiji unaanzia upande wa vilima vya Pugu. Huko sijafika, nasema nilivyoambiwa. Unakuja ukielekea kaskazini, halafu unapinda kidogo kuifuata bahari, na sehemu hiyo yote ni pori na vichaka, na kijiji kimoja kimoja. Ukingo wake ni mrefu huko juu, na udongo mwekundu umemomonyoka hata mizizi ya miti inaning'inia. Kuna mikoche na mikindu, na wanawake huenda huko kukata ukindu wa mikeka. Mamba wapo. Watu wa hapa wanasema mamba wa Mpiji ni wavivu, wanangoja samaki wawafuate mdomoni. Sikutaka kuhakikisha.

Ukishapita daraja la barabara, mto unabadilika tabia. Bonde linafunguka, udongo unakuwa mweusi, na maji hayajui tena yaende wapi. Yanapiga kona kushoto, yanapiga kona kulia, kama mtu aliyeambiwa nyumba ipo hapo hapo na haioni. Kona hizo watu wanaziita vizingo. Ndani ya vizingo ndimo wanamolima mpunga, kwa sababu masika maji hupanda yenyewe yakaacha tope. Mbele zaidi tope linaanza kunuka bahari. Maji yakijaa huko pwani, mto unarudi nyuma, na ukiyaonja yana chumvi. Mwisho ni mikoko, halafu mchanga mweupe, halafu bahari. Siku nilipofika, mdomo wa mto ulikuwa umezibwa na mchanga, na maji yaliyobaki ya kupita yalikuwa membamba kiasi cha kurukwa. Nilikwenda na mama, kwa sababu mie peke yangu njia zile naogopa watu wake kuliko mamba. Ukikutana na mtu lazima usalimie, kisha unaulizwa u mtoto wa nani, unakwenda wapi, umeposwa au bado.

Shamba la mama lilikuwa katika kizingo kimoja chini ya daraja. Nasema la mama, lakini lilikuwa la bibi mmoja wa Kizaramo ambaye alikuja zahanati na kidonda cha mguu. Kidonda kile kilichukua muda kupona, na kila alipokuja kufungwa alipitia uani kwetu akakaa na mama. Mama alipanda mboga nyuma ya nyumba kwenye mchanga mtupu, na bibi alimwonea huruma. Akamwambia ana bonde lake mtoni, nguvu hana tena, mama alime kipande. Mama alilima mpunga mara ya kwanza maishani mwake, kwani kwetu ni migomba na kahawa. Bibi alimfundisha kila kitu, kumwaga mbegu, kupalilia, kuamia ndege. Kuamia ni kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, ukapiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo tangu asubuhi mpaka ndege wachoke. Kazi hiyo naipenda. Mtu wa haya akiwa juu ya dungu anaweza kupiga kelele na hakuna anayemwuliza.

Bibi aliniita mke mwenzie. Aliniambia mzee wake keshakubali kunioa, kilichobaki ni mie kujifunza kupika samaki bila kumvunja. Nilikuwa nainama nisijue pa kuangalia, na yeye alicheka mpaka akakohoa.

Mpaka wa shamba upande wa kaskazini ulikuwa mto wenyewe. Masika ya mwaka ule nilipoingia shule ya bweni, Mpiji ulifurika ukachoka kukizunguka kizingo. Ukakata shingo yake moja kwa moja. Maji yalipopungua, mto ulikuwa unapita katikati ya shamba, na ncha yake, kama ulimi, ilikuwa imebaki ng'ambo. Mama alilia. Bibi alikuja na fimbo yake, akatazama, akasema mto umefanya hivi hata alipokuwa msichana, na ulimi ule ni wake vile vile, watu wa ng'ambo wanajua. Kweli walijua. Mama alivuka kwa miguu akalima pande zote mbili, na hakuna aliyemsemesha.

Aliyekosa raha ni baba. Baba alizoea mlimani, ambako ardhi ni kidogo na kila hatua ina mwenyewe. Hakuweza kuelewa mpaka unaokaa vichwani mwa watu. Alisema bibi akifa leo, na yule jirani wa ng'ambo akifa kesho, watoto watasimama kila mmoja na panga. Mama alimjibu kwamba yeye ameazimwa kulima, hayo ya kufa ni ya wenyewe. Lakini baba alikuwa hajaliacha.

Desemba ile ile niliyouchunguza mto, baba alipata likizo yake akaenda nyumbani kuwaona wazee. Aliporudi, alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, buni ya kukaanga, na furushi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, akilishika kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na masale.

Kwa asiyejua, sale ni mmea wa majani marefu, shina lake jembamba, ukilikata kipande ukakichomeka ardhini kinashika. Kwetu ndio mpaka. Kihamba cha mtu, yaani shamba lake la migomba, na cha jirani yake vinatenganishwa na masale, na masale hayasogezwi. Ni zaidi ya hapo pia. Mtu akimkosea mwenzake vibaya, humpelekea sale lenye jani lililofungwa fundo, na anayepelekewa ni vigumu kukataa. Baba alituambia haya mara nyingi, hasa tulipogombana na wadogo zangu.

Basi, kabla sijarudi shule, baba alinichukua tukaenda shambani, yeye na furushi lake, mie na ndoo. Mama alimwuliza pale mlangoni, "Bibi umemwambia?"

"Nalinda mpaka wake yeye," baba alisema. "Atashukuru."

Alipanda pembe zote, mbili upande wa huku na mbili kule kwenye ulimi, akavuka mto amekunja suruali yake ya kazi. Mie nilimwagia maji. Alifurahi siku ile. Alinionyesha jinsi ya kusimama penye sale moja na kuliangalia jingine, ukaona mstari. Alisema sasa mto uende utakako.

Nikarudi shule. Masika yalikuwa mazuri, sikuyaona.

Nilipokuja likizo ya katikati ya mwaka mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa, na masale yalikuwa yamechipua, majani yake yanang'aa kuliko chochote bondeni. Siku ya pili mama alinichukua tufuatane kwa Khoja kununua mafuta ya taa. Khoja yule ni mtu wa maneno. Amezaliwa hapo hapo nyuma ya duka, na habari zote za barabara ya Bagamoyo hupita kwenye mizani yake. Alimpimia mama mafuta, akasema kwa furaha kabisa:

"Mama dresa, hongera. Nasikia bwana amenunua shamba. Mbona pilau hatukuitwa?"

Mama alicheka, akauliza shamba gani.

"Lile la mtoni. Amepanda miti pembe zote. Mpwa wa bibi alikuwa hapa, anasema jina la shamba sasa ni Moshi."

Mama aliacha kucheka. Khoja naye akaona kwamba alikuwa akitania mtu asiyejua lolote. Akashusha sauti akatueleza, kwa adabu, kama anavyomweleza mteja kwamba noti yake imechanika. Alisema huku pwani shamba la kuazima unalima mpunga, mahindi, kunde, mihogo, kitu kinachong'oka kikaisha. Ukivuna unampelekea mwenyewe pakacha lake. Kitu kimoja hufanyi, hupandi mti. Mti ni wa aliyeupanda. Mnazi ukisimama, mwenye mnazi amesimama, na watoto wake wamesimama. Mgeni anayepanda mti kwenye shamba la watu ametangaza kwamba haondoki.

"Lakini lile si mti," mama alisema. "Ni majani tu."

"Linakufa kiangazi?"

Mama alichukua chupa yake ya mafuta. Sale halifi kiangazi.

Tulipita kwa bibi moja kwa moja kutoka dukani. Alikuwa uani anapeta. Mie nilisema shikamoo, akaitika "marahaba" bila kuinua uso, na hakuniita mke mwenzie. Mama akasema shikamoo, bibi akasema "ee". Mama alianza kueleza, na bibi alisikiliza mpaka mwisho huku anapeta, kisha akasema amempelekea habari jumbe, mkubwa wa kijiji, watu wasije wakasema yeye na mama wamekubaliana wawili jikoni. Hakumfukuza mama, lakini hakumkaribisha kukaa. Njiani mama alitembea mbele yangu na chupa ya mafuta.

Baba alipoambiwa aliona ni jambo dogo la kutoelewana. Alisema atamweleza jumbe, jumbe ni mtu mwenye akili, keshawahi kumtibu. Mama alimwambia kwamba mpunga unaiva na hajui kama ataruhusiwa kuukata. Alisema hivyo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, lakini kuanzia siku ile hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda dunguni kabla ya ndege wenyewe kuamka. Niliogopa kumwuliza. Ninachojua ni kwamba kabla ya shamba lile mama hakuwa na jambo lolote Bunju lililokuwa lake. Nyumba ni ya serikali, kazi ni ya baba, marafiki ni wagonjwa. Mtu akimwita alikuwa mama dresa. Shambani wanawake wa bondeni walimwita shoga.

Jumbe alikuja siku ya Jumamosi, baada ya zahanati kufungwa. Tulikutana pale pale mtoni. Alikuwepo bibi amekaa juu ya kanga yake iliyokunjwa, mpwa wake amesimama nyuma, na watu kadhaa wa mashamba ya jirani waliokuja kusikiliza huku wakijifanya wanapalilia. Mie na mama tulisimama kando.

Baba alisema vizuri. Kiswahili chake kina lafudhi ya mlimani, lakini kimenyooka. Alieleza kwamba hakupanda mti, alipanda alama. Alisema mto huu hauaminiki, umeshakata shamba mara moja, na alama zile zinamlinda bibi asidhulumiwe. Hapo akanigeukia. Alisema binti yake ameusoma mto huu shuleni, ataeleza ulipita wapi zamani na unapita wapi sasa.

Watu wote wakanitazama. Nilihisi masikio yanawaka. Nilinyoosha mkono, nikaonyesha lile bonde kavu lililoota matete, nikasema polepole kwamba zamani ulizungukia kule. Jumbe aliniambia niseme kwa sauti. Nikarudia, na sauti ikatoka ndogo zaidi.

"Ahsante, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mto tunaujua. Mto haujapanda kitu."

Watu walicheka, hata wale wanaopalilia. Mpwa wake akaona sasa ni zamu yake.

"Dresa, sindano zako tumevumilia," alisema. "Sasa unatuchoma na miti?"

Jumbe alimnyamazisha, ingawa naye alikuwa akitabasamu. Kisha akatoa neno lake. Alisema haoni kama dresa alikuwa na nia mbaya. Alisema pia kwamba nia haionekani, kinachoonekana ni kile kilichoota. Mwenye kupanda ang'oe kwa mkono wake, leo, watu wakiona, na mke wake atavuna mpunga wake kama walivyopatana na bibi. Asipong'oa, mpunga utabaki shambani mpaka shauri lifike juu.

Nilidhani limekwisha. Nilishangaa kuona baba hasogei. Alikuwa ameshika kofia yake mbele kwa mikono miwili.

"Kwetu sale haling'olewi," alisema. "Aliyelipanda ndiye asiyeweza kabisa. Ukiling'oa umekata undugu na watu wa upande ule na wa upande huu. Baba yangu hakunifundisha kufanya hivyo."

Hakusema kwa kiburi. Ingekuwa kiburi ingekuwa rahisi, wangemzomea yakaisha. Nadhani watu waliona kwamba anasema kweli, na ndiyo maana hawakucheka. Jumbe alijikuna shingo. Bibi alikuwa akimtazama baba kama anavyotazamwa mgonjwa anayekataa dawa.

Mama akachukua jembe lililokuwa limeegemea dungu.

"Mie nimeolewa na wewe," alimwambia baba. "Sikuolewa na masale."

Mpwa wa bibi alipinga, akisema jumbe ametamka aliyepanda ndiye ang'oe, si mwingine. Jumbe akamwangalia bibi. Bibi akafikiri, akasema mume na mke wanakula chungu kimoja, mkono wa huyu ni mkono wa huyu, mwacheni.

Mama naye ametoka mlimani kama baba. Haya yote anayajua, na pengine anayaogopa zaidi, maana baba amesoma na yeye hakusoma. Alikwenda kwenye sale la kwanza akasimama mbele yake, na nikaona midomo yake inakwenda, sijui alisali au aliomba radhi. Kisha akapiga jembe. Lilikuwa limeshika sana, mizizi yake ya rangi ya chungwa ilikuja na bonge zima la tope. La pili likang'oka upesi. Yale mawili mengine yalikuwa ng'ambo, na maji yalifika juu ya magoti, kwa hiyo alijifunga kanga akavuka, na mie nikamfuata bila kuitwa. Mchanga wa chini ulikuwa unakimbia chini ya nyayo zetu. Mama alinishika bega akivuka.

Aliporudi na masale yote, yale matatu aliyaweka chini. La nne aliliosha mizizi pale mtoni, taratibu, kama anamwosha mtoto mguu. Akachagua jani moja, akalifunga fundo. Nilijua anachofanya, na baba alijua. Watu wengine hawakujua. Mama alikwenda mbele ya bibi, akapiga magoti kwenye tope, akalinyoosha sale kwa mikono miwili.

Bibi alilitazama.

"Hili nalo nilifanye nini?"

"Ukilipokea umetusamehe, mama. Ukishalipokea unaweza kulitupa."

Sikuwahi kumsikia mama akimwita bibi mama. Bibi alimtazama mama, kisha akamtazama baba aliyekuwa ameinamisha kichwa. Halafu bibi akanyoosha mkono akalichukua.

"Basi nimelipokea," alisema. "Lakini silipandi."

Watu walicheka kwa nguvu, jumbe akacheka, na mpwa naye akageuka pembeni kuficha meno. Baba ndiye hakucheka. Aliinama akayaokota yale matatu, akaenda nayo mtoni akayaweka juu ya maji badala ya kuyatupa. Yalielea yakaenda upande wa mikoko. Maji yalikuwa yanapwa saa ile.

Mama alivuna. Wanawake wa bondeni walikuja kumsaidia kama mwaka uliopita, na pakacha la bibi lilitoka la kwanza, la mpunga safi, mama alilipeleka mwenyewe kichwani. Lakini nyumbani kulikuwa na jambo ambalo sisi watoto tuliliona na hatukulitaja. Wali wa mpunga ule baba hakuula. Alisema tu tumbo lake siku hizi linataka ugali, na mama akampikia ugali, sufuria mbili kila jioni, bila kumwuliza. Iliendelea hivyo mpaka narudi shule. Sijui iliisha lini. Nilipokuja Desemba alikuwa anakula wali.

Mara ile ya Desemba bibi alikuja kwetu asubuhi, na mguu wake ulikuwa umemsumbua tena kwa hiyo alifungwa kwanza zahanati. Alipita uani. Alimwambia mama kwamba lile shamba la kizingoni atampa mpwa wake alime msimu huu, maneno yamekuwa mengi na yeye hataki kusikia maneno akiwa mzee. Mama aliitikia kwamba amesikia. Alikuwa anachambua mchele, na alichambua punje moja muda mrefu. Bibi akaendelea kama aliyesahau kusema jambo. Alisema ana kipande kingine juu ya daraja. Si kizuri. Ni kichanga, mpunga hautaki, labda mihogo na kunde. Akasema, "Nakupa wewe, si dresa. Dresa ana zahanati yake."

Mama aliacha mchele akapiga magoti kushukuru.

Tulikwenda kukiona siku ile ile, bibi mbele na fimbo, mama, mie, na baba nyuma kabisa. Hakuna aliyemwita, alifunga zahanati akaja. Huko juu ya daraja mto ni tofauti na kule chini, sijui kama niliandika hivyo vya kutosha kwenye karatasi ya mwalimu. Umezama ndani ya kingo zake ndefu na hautoki. Hauzunguki. Kipande chenyewe kiko upande mmoja, kina vichaka na mkoche mmoja, na mchanga wake unapita katikati ya vidole. Mama aliinama akauchota, akauacha udondoke, akachota tena. Nilijua anaulinganisha na ule mweusi.

Baba alisimama kwenye ukingo. Alitazama kushoto akatazama kulia, na nikaona anatafuta, kama nilivyomwona mara ile akiniambia nisimame nione mstari. Kwa kweli niliogopa. Akauliza kwa adabu kabisa mpaka wake ni wapi.

Bibi alinyoosha fimbo. "Toka pale kwenye mkoche mpaka pale anaposimama mtoto," alisema.

Nilikuwa nimesimama tu, sikuchagua mahali. Sikuthubutu kusogea mpaka baba alipomaliza kutazama. Alitazama kwa muda, kisha akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akamwuliza mama aanzie upande gani kulima.